Kukata Tezi: Mtumbwi wa Sese na Ubadilishaji wa Injini katika Ghuba ya Mwanza

Katika sensa za uvuvi ambazo Tanzania, Kenya na Uganda zimekuwa zikiendesha katika Ziwa Viktoria tangu mwaka 2000, vyombo vya wavuvi huorodheshwa kwa maumbo yake. Miongoni mwa maumbo hayo yamo mawili yanayokaribiana sana: mtumbwi wa Sese wenye ncha pande zote mbili, na mtumbwi wa Sese uliokatwa upande mmoja. Tofauti hiyo, ambayo mhesabuji huimaliza kwa alama moja kwenye fomu, ndiyo inayochunguzwa katika makala haya. Upande uliokatwa ni tezi, nao umekatwa ili pawepo mahali pa kufungia injini.

Maandishi kuhusu uvuvi wa ziwa hili yamezoea kuitaja injini kama kitu kilichoongezwa: wavuvi walikuwa na mitumbwi, kisha wakapata mashine. Hoja inayotetewa hapa ni tofauti. Injini haikuongezwa juu ya mtumbwi uliobaki vilevile. Mtumbwi ulisanifiwa upya ili uipokee, na pamoja nao ukapangwa upya uhusiano baina ya mwenye chombo na wale wanaokwenda nacho majini. Kila injini iliyochoka ilipofunguliwa na nyingine kufungwa mahali pake, mambo hayo mawili yaliwekwa tena mezani: umbo la chombo, na jina la mwenye mashine.

Eneo la uchunguzi

Ghuba ya Mwanza ni mkono wa ziwa unaoingia nchi kavu kuelekea kusini kwa takriban kilomita 60. Mkuyuni, kata ya Wilaya ya Nyamagana, iko kwenye ukingo wake wa mashariki, kusini mwa kitovu cha jiji, baina ya Igogo na Butimba. Kwa historia ya injini mahali hapa pana faida yake. Upande wa kaskazini ipo bandari ya Mwanza Kusini na reli iliyofika Mwanza mwaka 1928, yaani njia iliyoleta mafuta na vipuri kutoka Dar es Salaam. Upande wa kusini, Nyegezi, ndiko kilikowekwa chuo cha kufundishia uvuvi wa maji baridi, na ndiko watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, iliyoundwa mwaka 1980, walikofanyia sehemu kubwa ya kazi yao. Mvuvi wa ukingo huu aliishi katikati ya duka na darasa, ingawa si mara zote alikaribishwa katika lolote kati ya hayo mawili.

Mtumbwi kabla ya mashine

Henry Morton Stanley alipolishusha boti lake Lady Alice majini huko Kageye, mashariki mwa Mwanza, mwezi Machi 1875, alikuwa akiingia katika ziwa lenye ustadi wake wa vyombo. Baadaye katika safari hiyo aliikuta mitumbwi ya Kabaka Mutesa, iliyokuwa na jeshi lake la majini chini ya mwenye cheo cha Gabunga. Mitumbwi hiyo, iliyopewa jina la visiwa vya Sese, haikuchongwa katika gogo moja. Ilianza na mkuku uliochongwa, kisha mbao zikapandishwa pande zote mbili na kushonwa kwa nyuzi za mimea, bila msumari. Omo lake lilitokeza mbele ya mwili wa chombo. Tezi yake ilikuwa na ncha, nyembamba, kwa sababu maji yaliyopasuliwa na omo hayana budi kufungwa taratibu nyuma. Yasipofungwa, huvuta chombo kukirudisha. Wapiga makasia ndio wanaolihisi jambo hilo, na wajenzi waliwajengea wao.

Umbo hilo lilisambaa hadi mialo ya kusini. Misumari ilipopatikana kwa urahisi katika karne ya 20, kushona kuliachwa, lakini ncha mbili zilibaki. Vyombo vingine vilibeba tanga, na tanga lilikuwa na ratiba yake: usiku na alfajiri upepo huvuma kutoka nchi kavu kwenda ziwani, na mchana hugeuka ukavuma kutoka ziwani kuja pwani. Mvuvi aliyetoka na upepo wa alfajiri akarudi na upepo wa mchana hakulipia chochote kwa mwendo wake. Bei ya samaki wake, hata hivyo, ilifungwa na saa ya upepo. Aliyekwama kwa shwari alifika na samaki waliokwisha kulegea, na hakuwa na la kufanya isipokuwa kuwakausha au kuwabanika.

Michael Graham, aliyefanya uchunguzi wa uvuvi wa ziwa zima mwaka 1927 na 1928 na kuchapisha ripoti yake mwaka 1929, alikuta nyavu za makila zilizoingizwa mwanzoni mwa karne zikiwa tayari zimeenea na samaki wa karibu wakianza kupungua. Ripoti hiyo hukumbukwa zaidi kwa onyo lake kwamba kumleta samaki mkubwa mla samaki kutoka maji mengine bila utafiti wa kina ni hatari. Kwa mjadala huu, jambo jingine ndani yake lina uzito zaidi: samaki wa karibu walipopungua, umbali uligeuka kuwa suala la uvuvi. Haja ya mwendo iliingia ziwani kabla ya injini.

Injini ndogo na meli za dola

Injini ya kufungwa nyuma ya boti ilikuwa na nusu karne hivi ilipoanza kutumiwa na wavuvi wa Afrika Mashariki. Ole Evinrude alikuwa ameiuza yake huko Milwaukee, Marekani, tangu mwaka 1909. Katika Ziwa Viktoria majaribio na mauzo kwa wavuvi yalishika kasi katika miaka ya 1950, hasa upande wa Uganda, wakati uleule nyavu za nailoni zilipokuwa zikichukua nafasi ya nyavu za nyuzi za mimea. Mwaka 1960 Yamaha ya Japani ilitoa injini yake ya kwanza ya aina hiyo. Katika miongo iliyofuata jina hilo lilienea mialoni kiasi kwamba wengi hawakuona tena haja ya kutaja jina jingine.

Wakati huohuo dola ilikuwa na mpango mwingine. Kati ya mwaka 1969 na 1971 meli ya utafiti Ibis ilikokota nyavu katika sehemu kubwa ya ziwa na kuonyesha kwamba takriban asilimia 80 ya uzito wa samaki wa chini walikuwa furu, samaki wadogo ambao mvuvi wa mtumbwi hakuwategemea sana kwa biashara. Hesabu hiyo ilisomwa kama mwaliko. Mwaka 1973 boti ndogo za kukokota nyavu zilianza kazi katika Ghuba ya Mwanza, na mwaka 1976 kiwanda cha unga wa samaki kikafunguliwa mjini ili kuwasaga furu hao kuwa chakula cha mifugo. Boti hizo zilikuwa na injini ya dizeli ndani ya tumbo lake. Zilihitaji gati, karakana, mhandisi na stoo ya vipuri, navyo vyote vilihitaji fedha za kigeni ambazo nchi ilizikosa zaidi kila mwaka.

Ni rahisi kuziona boti hizo kama sura ya kwanza ya uvuvi wa mashine Mwanza, na mtumbwi wenye injini kama sura ya pili. Mfuatano huo unapotosha. Njia hizo mbili zilikwenda sambamba, na moja ilikufa. Watafiti wa timu ya Chuo Kikuu cha Leiden, walioanza kazi ghubani mwaka 1977 na ambao Tijs Goldschmidt aliisimulia kazi yao katika kitabu chake Darwin's Dreampond, walishuhudia furu wakipungua kwa kukokotwa, kisha wakitoweka kwa wingi sangara alipoongezeka ghafla baina ya mwaka 1983 na 1987 hivi. Sangara alikuwa ameingizwa ziwani tangu miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ghuba ya kusini ilimpokea kwa kuchelewa, ikampokea yote kwa pamoja. Samaki waliojengewa kiwanda hawakuwapo tena. Waliokuwapo walikuwa wakubwa, walikaa mbali, na walinaswa kwa makila na ndoano za mtumbwi.

Tukio la pili la miaka hiyo halikutokea majini. Mwaka 1984 serikali iliruhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa walikozipata. Ruhusa hiyo hujadiliwa zaidi kwa khanga, sabuni na malori. Hata hivyo injini za mitumbwi nazo zilipita katika mlango huohuo, na zilipita mwaka uleule ambapo sangara alikuwa akijaa ghubani. Historia ya mashine za Mwanza haieleweki iwapo mambo haya mawili, samaki na ruhusa ya uagizaji, yatasomwa katika sura mbili tofauti.

Fundi na ubao wa tezi

Injini ya nje hufungwa kwa vibano viwili juu ya ubao wima. Mtumbwi wenye ncha mbili hauna ubao huo. Suluhisho la kwanza, na la bei nafuu, lilikuwa kuitundika injini ubavuni juu ya boriti iliyovuka chombo. Namna hiyo huonekana hadi leo pale mashine ni ndogo na mwenyewe hataki kugusa umbo. Kasoro yake ni kwamba msukumo hauko katikati, hivyo nahodha hupigana na usukani njia nzima. Suluhisho la pili lilikuwa kukata ncha ya nyuma na kuziba pengo kwa ubao mnene. Kazi hiyo si ndogo. Ubao wa tezi hauna budi kufungamanishwa na mkuku na mataruma kwa vipande vya pembe, kwa sababu injini haisukumi maji tu bali huusukuma ubao wenyewe, na huutikisa mfululizo kwa saa nyingi. Kalafati ya pamba iliyotosha kwa chombo cha makasia hulegea mapema karibu na tezi ya chombo cha mashine. Kimo nacho hupimwa kwa shina la injini: la fupi ni sentimita 38 hivi, la refu sentimita 51. Fundi akikata juu mno, rafadha hupiga hewa; akikata chini mno, wimbi la nyuma huingia ndani.

Kukata hakukumaliza shida. Chombo kinachopasua maji hujitengenezea wimbi linalosafiri nacho, na kadiri mwendo unavyoongezeka wimbi hilo hurefuka. Likifikia urefu wa chombo chenyewe, chombo huwa kimenaswa baina ya kilele cha mbele na cha nyuma, na nguvu ya ziada huishia kulikuza wimbi badala ya kuongeza mwendo. Mhandisi Mwingereza William Froude aliyafafanua mahusiano hayo katika karne ya 19. Kwa mtumbwi wenye urefu wa mita 8 majini, kikomo hicho ni karibu kilomita 13 kwa saa. Injini ya nguvu za farasi 15 inatosha kuufikisha hapo. Akiitoa na kufunga ya 40 juu ya tezi ileile nyembamba, mwenye chombo hununua petroli zaidi, na tezi inazama huku omo likielekea mawinguni.

Ndiyo maana ubadilishaji wa injini ulivuta ubadilishaji wa umbo. Ili nguvu iliyoongezwa ilipe, sehemu ya nyuma ya chombo ilibidi ipanuliwe na sakafu yake ilazwe, chombo kipate kupanda juu ya wimbi lake na kuteleza. Mitumbwi iliyojengwa kwa ajili ya kukusanya sangara visiwani na kuwarudisha mjini katika barafu ndiyo iliyofika mbali zaidi katika mwelekeo huo: tezi pana, ubavu ulionyooka, injini ya 25 au 40. Jina la Sese lilibaki. Kwa aliyewahi kuona michoro ya wakati wa Stanley, jina hilo limekuwa kama jina la ukoo kwa mjukuu asiyefanana na babu yake.

Jambo moja katika mabadiliko haya halijapewa uzito unaostahili. Mtumbwi wenye ncha mbili, mashine yake ikiharibika, hurudi kuwa mtumbwi wa makasia. Mtumbwi uliokatwa tezi haurudi. Ubao ule mpana huburuta maji nyuma yake, na watu wanne wenye makasia huchoka kabla ya kuona nchi kavu. Kwa kukata tezi, mvuvi alikuwa amekata pia njia yake ya kujinasua, na tangu siku hiyo usalama wake ulitegemea plagi, pini ya rafadha na galoni la petroli. Gugumaji, lililoonekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuzifunika ghuba katika miaka ya 1990, liliudhihirisha utegemezi huo kwa ukatili. Lilijifunga kwenye rafadha na kuziba tundu linalovuta maji ya kupozea injini, na chombo kikaning'inia katikati ya uwanda wa kijani usiopenyeka kwa injini wala kwa kasia.

Mashine kama fungu

Mialoni mwenye chombo huitwa tajiri, hata pale utajiri wake ni mtumbwi mmoja wenye deni. Mgao wa mapato hufuata kanuni inayotofautiana kidogo kutoka mwalo hadi mwalo, lakini mantiki yake ni moja. Petroli, oili, chambo na chakula hutolewa kwanza. Kinachobaki hugawanywa baina ya tajiri na wavuvi, na vifaa vyenyewe, yaani mtumbwi, nyavu na mashine, hupewa mafungu yake kana kwamba navyo vilikwenda ziwani na kurudi vikiwa na njaa. Katika uvuvi wa makasia, nguvu ya kusogeza chombo ilitoka mikononi mwa wavuvi na ililipwa kwao. Mashine ilipoingia, malipo ya nguvu hiyo yalihamia kwa mwenye mashine na kwa muuza petroli. Mvuvi alipumzisha mabega, na fungu likamfuata aliyempumzisha.

Viwanda vya minofu vilivyojengwa Mwanza katika miaka ya 1990 viliuelewa mpangilio huo haraka. Kiwanda, au wakala wake, kilimpa mvuvi injini kwa mkopo. Mvuvi akajifunga kumuuzia mkopeshaji samaki wake. Kwa mtazamo wa kiwanda hiyo ilikuwa bima ya malighafi. Kwa mvuvi ilikuwa njia pekee ya kupata kitu ambacho thamani yake mara nyingi ilizidi ya mtumbwi mzima, kwa kuwa benki hazikukubali mtumbwi kuwa dhamana. Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa ziwa mwaka 1999 kwa tuhuma za uvuvi wa sumu, mkataba huo ulionyesha upande wake wa pili: soko la minofu lilisimama, deni la injini halikusimama. Filamu ya Darwin's Nightmare, iliyotolewa mwaka 2004 na kuzua ghadhabu kubwa nchini, ilielekeza kamera kwenye ndege za mizigo za uwanja wa Mwanza. Ingefika karibu zaidi na kiini cha biashara ile kama ingekaa muda mrefu kwenye daftari la wakala.

Licha ya hayo mashine ziliongezeka. Kwa ziwa zima, sensa ya mwaka 2000 ilihesabu injini za nje zipatazo 4,000. Ile ya 2006 ilihesabu zaidi ya 12,000. Wizi nao ulikua. Majambazi wa ziwani walijifunza kuwaacha samaki na kuchukua injini, kwa sababu injini haiozi na hufunguliwa kwa dakika chache. Jioni wavuvi huonekana mialoni wakipandisha mashine begani kwenda kuilaza chumbani, chini ya ulinzi ambao mtumbwi wenyewe haujawahi kupewa.

Mapenzi ya mashine kuu kuu

Nchini Marekani na katika Umoja wa Ulaya, sheria za moshi zilizoanza kubana mwishoni mwa miaka ya 1990 na katika miaka ya 2000 ziliiondoa sokoni injini ya kale ya mipigo miwili, inayochoma petroli iliyochanganywa na oili. Sababu ilikuwa dhahiri: robo hivi ya mafuta yake hutoka bila kuungua na kuingia majini. Ghuba ya Mwanza, ambayo maji yake husafishwa na kunywewa na jiji kutoka vyanzo vya Capri Point na Butimba, ingekuwa na haki kuliko wengi ya kudai jambo hilohilo. Hata hivyo mvuvi, akipewa kuchagua, huirudia ya mipigo miwili. Kumwita mkaidi ni kutoielewa hesabu yake. Injini yake ya 15 ina uzito usiofika kilo 45, nayo lazima ibebwe begani kila jioni. Ya mipigo minne yenye nguvu ileile hupita kilo 50, na ikilazwa upande usio wake humwaga oili. Ya zamani hufunguliwa kwa spana chache mchangani, na fundi huijua kwa sauti. Kuisikiliza mashine iliyofungwa pistoni mpya ikishika kwa mvuto wa kwanza ni furaha inayokusanya watu, na furaha hiyo ni sehemu ya sababu mashine iliyopaswa kutupwa hufufuliwa mara ya tatu na ya nne. Wanauchumi wa uvuvi hawana safu ya kuiandikia.

Kilichoyumbisha hesabu hiyo ni mafuta. Mei 2022 bei kikomo ya petroli nchini ilivuka shilingi 3,000 kwa lita, na serikali ikalazimika kuweka ruzuku. Injini ya 40 inayofanya kazi kwa nguvu zake zote huvuka lita 15 kwa saa. Januari 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua jijini Mwanza ugawaji wa boti za kisasa na vizimba vya kufugia samaki kwa mkopo wenye masharti nafuu, na kwa mara ya kwanza tangu enzi za furu dola ilirudi kuwa mtoaji mkubwa wa vyombo ghubani. Mkopo huo unamtoa mvuvi mikononi mwa wakala, ila petroli anaendelea kuinunua pale alipoinunua jana.

Upande wa Kenya, katika miaka hii ya 2020, baadhi ya wavuvi wameanza kukodishiwa injini za umeme pamoja na betri zinazochajiwa nchi kavu. Betri hubeba nishati ndogo mno kwa kilo ikilinganishwa na petroli, hivyo chombo cha umeme hakina budi kwenda chini ya kikomo cha wimbi lake. Kwa mwendo huo, umbo linalotumia nishati kidogo kuliko yote ni jembamba, refu, lililofungwa kwa ncha nyuma: mtumbwi wa Sese kabla haujakatwa. Injini hizo za umeme zimetengenezwa ili zifungwe kwenye ubao wa tezi, kwa vibano vilevile viwili, na betri hurudishwa kila siku kwa mwenye kuikodisha.